Kanda Kumi na Nne za Fundi Taratibu

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Taratibu amefariki dunia. Nasema tena, kwa aliyekuwa bado anahangaika na mawimbi: Fundi Taratibu, mtengenezaji wa mashine za santuri, amplifaya, spika na mashine za kaseti za zamani, alifariki dunia wiki mbili zilizopita, asubuhi, nyumbani kwake, kitandani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Alikuwa baba yangu.

Nalisema mapema ili lisije likamshtua mtu katikati ya kipindi. Mkuu wa vipindi alinishauri nimwachie mwenzangu asome. Nikamjibu kwamba kipindi hiki cha kumbukumbu nimekiendesha miaka kumi na tisa, nimewaaga humu watu wa kila aina, na sioni kwa nini baba yangu asomewe na mtu anayemeza herufi za mwisho. Na msiwe na wasiwasi, sitalia. Wala si ushujaa. Tangu siku ya mazishi nimekuwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaufinya, hausemi kitu. Watu wananiambia pole, nasema asante. Nakula, nalala, nakuja kazini.

Haya, tuanze mwanzo.

Baba alianza kazi katika jumba la sinema. Hakuwa wa picha, alikuwa wa sauti. Alikaa kwenye chumba kidogo cha juu, kando ya mtambo, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu wa kiti cha nyuma anasikia mlango ukifungwa sawasawa na mtu wa kiti cha mbele. Miaka kumi na mmoja. Kisha jumba likafungwa. Viti vikachukuliwa, mapazia yakachukuliwa, hata milango ya choo ilichukuliwa. Zikabaki spika mbili zilizokuwa zimesimama nyuma ya kitambaa cha picha, kila moja kubwa kama kabati la nguo, na hakuna aliyezitaka. Baba akatafuta mkokoteni.

Aliyemfungulia mlango ni dada yake, shangazi yangu, ambaye ameishi naye karibu maisha yote. "Nilidhani ameniletea majeneza," anasema shangazi. "Nikamwuliza, we, nani kafa? Akaniambia, hajafa mtu, shika huku tuinue."

Spika zile zikaingia sebuleni, na sebule ikakoma kuwa sebule. Kochi likatoka. Meza ikatoka. Kikabaki kiti kimoja cha mbao, chenye mikono, mbele ya spika, katikati hasa. Alikipima kwa uzi. Kutoka spika ya kushoto mpaka kitini, kutoka spika ya kulia mpaka kitini, sawasawa. Akazungushia chaki sakafuni kila mahali mguu wa kiti uliposimama. Alisema sauti nayo ina mahali pake pa kusikilizwa, na ukikaa hapo utamwona mwimbaji amesimama katikati ya ukuta. Nilipokuwa mdogo aliniketisha pale, akaniambia nifumbe macho. Wallahi nilimsikia yule mwimbaji hatua tatu mbele yangu, anavuta pumzi kabla ya kuimba. Nikaogopa, nikafumbua. Palikuwa na ukuta na kalenda.

Siku moja shangazi akapiga deki sebule, akakirudisha kiti kwa kukisia. Baba akarudi, akakaa, akaweka santuri. Wimbo haukufika hata nusu. "Nani amesogeza kiti?" Shangazi akasema hajakigusa. Baba akainama, akapima kwenye chaki. Vidole viwili.

"Vidole viwili!" shangazi husema mpaka leo, huku akipiga makofi. "Nimeishi na mwanamume anayesikia vidole viwili, lakini umwite chakula kimeiva, kiziwi!"

Jina la Taratibu alipewa na wateja. Akishatengeneza amplifaya ya mtu, hakumkabidhi tu. Alimwambia aiwashe mwenyewe, pale pale. Mkono wa mteja ukielekea kwenye kitufe cha sauti, baba alisema, "Taratibu." Alilisema kwa kila mtu, kwa wakubwa na wadogo, na mara moja kwa afisa wa polisi. "Sauti inaamshwa, haipigwi teke." Likawa jina lake. Na wenye maneno yao wakaongeza kwamba hata kazi yake ni taratibu vilevile, kwa sababu alikuwa anaweza kukaa na mashine yako mwezi mzima, wiki ya kwanza akiisikiliza tu bila kuifungua. Kinyozi mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alimwambia mbele yangu: "Fundi, haraka haina baraka, nakubali. Lakini hii yako, hata baraka yenyewe imechoka kusubiri imeondoka." Baba alicheka mpaka akashika meza, kisha akabaki na mashine ile wiki mbili nyingine.

Mkumbukeni huyu kinyozi. Nitamrudia.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi sikuweza kushika chuma cha lehemu bila kujiunguza, kwa hiyo nikaingia redioni. Siku ya kipindi changu cha kwanza, nilipotoka studio, simu ililia. Nikafikiri ni hongera. Baba akasema, "Umekaa karibu mno na maikrofoni. Sogea nyuma shibiri moja." Akakata. Kipindi cha pili akapiga tena: "Herufi za mwisho unazila. Una njaa?" Akakata. Wasikilizaji wapendwa, kwa miaka kumi na tisa, baada ya kila kipindi, baba alipiga simu. Baada ya kila kipindi. Hakuwahi kuniambia nimesema vizuri. Aliniambia nimesikika vizuri, mara tatu, na tarehe zake ninazo.

Sasa kuhusu ugonjwa. Ulikuwa wa koo. Daktari alituambia wazi kwamba sauti itatangulia, na mengine yatafuata. Baba akamsikiliza, akauliza sauti itaanza kupungukia wapi, kwenye nzito au kwenye nyembamba. Daktari akaniangalia mimi. Nikamwambia, jibu tu, dokta, hilo kwake ni swali la kweli.

Ilipofika miezi ya mwisho akawa anasema asubuhi tu, baada ya chai, na kwa shida. Jioni hakuwa na sauti kabisa. Lakini simu iliendelea kulia baada ya kipindi. Napokea, kimya. Kisha nasikia anagonga meza kwa kifundo cha kidole. Pigo moja lilikuwa na maana kwamba nimesikika sawa. Mapigo mawili, nimesogea karibu mno. Ndivyo tulivyozungumza, mimi na baba, kwa miezi mitano. Simu ya mwisho ilikuwa mapigo mawili.

Nafika sasa pale ninapotaka kufika. Nitasema polepole, mnielewe.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja juu ya kaseti. Kanda huandikwa jina siku inapokamilika. Kanda ambayo haijaandikwa bado haijawa kitu, kwa hiyo hufutwa na kutumiwa tena. Kaseti za maana siku hizi hazipatikani ovyo, na baba hakutaka nusu-nusu zijae kwenye rafu yake. Sheria hii nimekua nayo kama vile wengine walivyokua na kunawa mikono. Na ya kufutia kulikuwa na sumaku ya umeme, ukubwa wake kama pasi. Unaiwasha, inanguruma, unaizungusha juu ya kaseti mara mbili, unaigeuza, mara mbili tena. Basi. Kilichokuwemo hakimo. Kazi ile ilikuwa yangu tangu nina miaka minane.

Siku ya nne baada ya mazishi niliingia chumba chake cha kazi kusafisha. Hakuna aliyenituma. Mikono ilitaka kazi, na mimi sikuwa na neno la kuibishia. Nikapanga vipuri. Nikafuta vumbi. Kwenye droo ya chini, chini ya kitambaa, nikakuta kaseti kumi na nne, safi, zimepangwa. Hazikuandikwa. Nikaitoa sumaku, nikaichomeka. Moja baada ya nyingine, mbele mara mbili, nyuma mara mbili. Kumi na nne. Nikazipanga tena vizuri. Nakumbuka niliona fahari kidogo, kwamba nimefanya kama angefanya yeye.

Shangazi akaja na chai. Akaziona mezani. Akasema, "Afadhali umezipata. Umeanza kuzisikiliza?"

Nikamwuliza, kuzisikiliza zipi?

"Hizo zako. Alizokuwa anakurekodia."

Wasikilizaji wapendwa, nairudia kwa faida ya aliyechelewa kufungua redio. Baba yangu, kwa miezi mitano, kila asubuhi baada ya chai, sauti yake ilipokuwa bado ipo kidogo, alijifungia chumbani akawa anarekodi kanda kwa ajili yangu. Hakuziandika jina kwa sababu hakuwa amemaliza. Mimi nikazifuta kwa sababu hazikuandikwa jina. Kanda kumi na nne.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimesikia la mkuu, nimelishika neno kwa neno, na guu limevunjika vilevile.

Mtauliza nilifanya nini. Sikufanya kitu. Nilimwambia shangazi kwamba chai haina sukari. Akaenda akaleta sukari. Nikanywa. Alipoelewa, alikaa sakafuni, yeye, mwanamke wa miaka sitini na nane, akajifunika kanga usoni. Mimi nikawa namwangalia. Nikawaza kwamba sakafu ni baridi, atapata maumivu ya kiuno.

Nimemwuliza mara nyingi alisikia nini kupitia mlangoni. "Mwanzoni nilidhani anagombana na mteja," anasema. "Nikatega sikio. Nikasikia 'mwanangu.' Akanyamaza, akakohoa, akasema tena 'mwanangu.' Siku nyingine alikuwa anacheka peke yake. Mengine, mama, mlango uliyala. Nilimwambia, si umwite tu mtoto umwambie? Akaniambia, usimwambie kitu mpaka nimalize." Shangazi akatii. Katika nyumba ile sote tulikuwa watiifu.

Naomba watu wa mitambo msiniandikie barua. Najua. Nimewauliza wote. Kilichofutwa kwa sumaku ile hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Halafu likanijia jambo lingine. Nilijaribu kukumbuka kama kuna mahali popote palipobaki sauti yake. Mimi nafanya kazi redioni. Nimehoji mawaziri, wapishi, mabondia na mzee mmoja aliyefuga nyuki. Sikuwahi hata mara moja kumkalisha baba yangu mbele ya maikrofoni. Nilimwomba zamani, akasema mashine zake si za kumsikiliza yeye, nami nikaona sawa, yupo, ataenda wapi. Picha zake tunazo tele. Sauti hakuna. Mtu aliyefanya sauti za watu wengine zisikike miaka arobaini hakuacha hata kikohozi. Na kilichokuwepo nimekifuta mimi.

Ndipo nikakumbuka kaseti za majaribio.

Kila mashine ya kaseti aliyoitengeneza, baba aliijaribu kwa kurekodi sauti yake mwenyewe, dakika moja hivi, na kaseti ile aliirudisha kwa mteja pamoja na mashine. Alikuwa na maneno yale yale kwa kila mtu. Alimwambia mteja, "Siku ikianza kuumwa, nisikilize kwanza kabla hujaniletea. Nikisikika vizuri, mashine ni nzima, mbovu ni kanda yako."

Nikaanza kuwauliza wateja waliokuja kutoa pole. Nilikuwa nasimama mlangoni, mtu hajavua hata viatu, namwuliza, ile kaseti unayo? Mwalimu mmoja alirekodia juu yake nyimbo za harusi ya mtoto wake. Mwingine, mpira. Fundi cherehani mmoja aliitupa mwaka jana, na alipoelewa kwa nini nauliza alilia kuliko mimi, ambalo si jambo gumu siku hizi. Watu kumi na saba. Hakuna.

Wa kumi na nane alikuwa yule kinyozi. Alikuja juzi, amefunga duka lake mapema. Nikamwuliza. Akasema, "Ninayo." Nikamwuliza kama ana uhakika hajarekodia juu. Akaniangalia kama nimemtukana. "Dada, marehemu alinikataza. Wewe unaweza kumkaidi marehemu? Mimi hata kichwa chake nilikuwa nanyoa kwa hofu, mkasi ukilia vibaya ananiambia upelekwe ukanolewe." Akaenda, akarudi nayo. Imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ni ya miaka sita iliyopita, kabla ya ugonjwa.

Sijaisikiliza. Kanda iliyozeeka inaweza kukatika mara ya kwanza inapozunguka, kwa hiyo baba alinifundisha kwamba kanda ya namna hiyo huchezwa mara moja tu, kwenye mashine nzuri kuliko zote ulizonazo, huku unainakili kwenye mashine nyingine. Mashine nzuri kuliko zote ninazozijua iko hapa studio. Aliitengeneza yeye. Fundi mitambo wangu, huyu aliye nyuma ya kioo, ameisafisha tangu asubuhi na ameweka nyingine pembeni ya kuinakili. Inaweza kukatika. Ikikatika, ndiyo basi tena, na mtakuwa mmeshuhudia. Sikutaka kuwa peke yangu.

Lakini kwanza niwaage, kwa sababu sijui baada ya hapo nitakuwaje.

Pole nyingi zimfikie shangazi yangu, ambaye sasa hivi yuko nyumbani na redio yake. Nilimwambia akae kwenye kile kiti. Amekataa, amesema kiti kina mwenyewe, ameweka stuli pembeni. Pole kwa wateja wote wa Fundi Taratibu, hasa wale ambao mashine zao bado ziko kwetu zimefunguliwa matumbo. Njooni mzichukue, nitawapa chai. Pole na kwangu pia, maana mimi nami ni mfiwa, jambo ambalo kichwa kinalijua na mwili bado.

Na nyinyi mnaonisikiliza, leo mkifika nyumbani, fikirini. Kuna mtu ambaye sauti yake mnaisikia kila siku mpaka hamuisikii tena. Mkalisheni, hata akikataa. Na kama mnarekodi, andikeni jina siku ile ile, hata kama hamjamaliza. Mnisamehe, baba asingekubali. Hili la kuandika mwishoni alikosea. Nampenda, na alikosea.

Mwenye redio yenye spika mbili, kaa katikati. Taratibu na kitufe. Fundi mitambo, iachie.

(Mkwaruzo wa kanda. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, ya karibu.)

"Moja. Mbili. Tatu. Moja, mbili, tatu. Hii mashine ni ya kinyozi. Sasa niko kushoto. Kushoto. Haya, nahamia kulia. Niko kulia. Kulia. Sasa nanyamaza kidogo. Ukisikia mvumo kama upepo, kichwa cha mashine ni kichafu, kipanguse kwa spiriti."

(Kimya. Kwa mbali, sauti ya mwanamke: "Chai inapoa huko!")

"Dada, nimenyamaza hapa! Unaniharibia kimya changu."

(Sauti ya mwanamke: "Basi nyamaza na chai yako baridi!" Mwanamume anacheka, muda mrefu, mpaka anapumua kwa nguvu.)

"Haya. Imeshaingia, basi, ikae. Kama umenisikia pande zote mbili, kazi yangu imekwisha."

(Kanda inazunguka tupu. Inazimwa.)

Haikukatika.

Wasikilizaji wapendwa, samahani. Nipeni dakika. Hapana, msiweke wimbo. Acheni tu hivi.

Fundi mitambo ananionyesha kwa mkono nisogee nyuma, nimeinamia maikrofoni. Nimesogea. Shibiri moja.

Baba, nimekusikia. Kushoto nimekusikia, na kulia nimekusikia.

(Mtangazaji anagonga meza kwa kifundo cha kidole. Pigo moja.)